Barua ya mwanasheria imefika: namna ya kukagua hataza ya bioteknolojia iliyokwisha kutolewa

Kwa kawaida mambo huanza na bahasha. Kikundi cha Chamwino kinachosaga mbegu za mwarobaini kutengeneza dawa ya kunyunyizia mboga, au kampuni ndogo ya Kizota inayouza kuvu asiye na sumu wa kudhibiti sumukuvu kwenye karanga na mahindi, wanapokea barua: mteja wetu anamiliki hataza namba fulani, acheni mara moja au lipeni mrabaha, mna siku 14. Kosa la kwanza ni kujibu siku hiyo hiyo. La pili ni kufunga shughuli kwa hofu. Siku 14 hizo kazipanga mwandishi wa barua, hazikutoka kwenye sheria. Zitumieni kukagua.

Hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako bila ruhusa, hutolewa na ofisa aliyesoma nyaraka alizozipata kwa muda aliopewa. Asichokiona yeye kinaweza kuonyeshwa baadaye, na hataza ikapunguzwa au ikafutwa kabisa. Ila mlango wa kufanyia hivyo si mmoja, na baadhi hufungwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Fuateni mpangilio huu, kwa sababu hatua mbili za mwanzo hazigharimu zaidi ya bando la intaneti na malipo ya taarifa ya rejesta, na mara nyingi humaliza kesi nzima.

Hatua ya 1: Soma namba mpaka herufi ya mwisho

Barua nyingi hutaja namba inayoanza na WO. Hiyo si hataza. Ni ombi la kimataifa lililochapishwa, na hakuna mtu anayeweza kumzuia mwenzake kwa namba ya WO peke yake. Namba inayoanza na EP (ya Ulaya) au US (ya Marekani) na kuishia A1 nayo ni ombi lililochapishwa tu. Iliyotolewa huishia B: EP yenye B1 ni hataza kama ilivyotoka, EP yenye B2 ni ile iliyopita kwenye pingamizi na kubaki na madai (sentensi zinazotaja mipaka ya haki) yaliyobadilishwa, B3 ni ile ambayo mwenyewe aliomba ipunguzwe. Ukiona B2 au B3, tupa nakala ya B1 uliyokuwa nayo. Maneno yake hayatumiki tena. Marekani herufi zina maana nyingine kidogo: B1 na B2 zote ni hataza zilizotolewa, tofauti ni kama ombi lake liliwahi kuchapishwa kabla.

Ingiza namba kwenye Espacenet au Patentscope, tovuti za kutafutia hataza, zote ni bure. Pakua hataza yenyewe, halafu fungua sehemu ya hali ya kisheria. Hapo ndipo utaona kama ada zilikoma kulipwa miaka mitatu iliyopita.

Hatua ya 2: Je, inaishi hapa?

Hataza ni ya nchi iliyoitoa. Hataza ya Marekani haimzuii mtu wa Dodoma kutengeneza wala kuuza Dodoma. Tanzania Bara kuna njia mbili za kuwa na hataza hai: iliyosajiliwa BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni) moja kwa moja, au iliyotolewa na ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika lililopo Harare, huku Tanzania ikiwa imetajwa kwenye ombi. Za ARIPO huandikwa AP. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008, kwa hiyo anayepeleka bidhaa Unguja aulize na huko.

Ombeni BRELA taarifa ya rejesta kwa maandishi, na mtunze stakabadhi ya malipo pamoja na jibu. Majibu ya mdomo dirishani hayasaidii mahakamani. Mnachotafuta ni vitu vinne: tarehe ya kuombwa, jina la mmiliki wa sasa, ada ya mwisho kulipwa, na kama kuna leseni au uhamisho uliosajiliwa. Mara nyingine aliyeandika barua si aliye kwenye rejesta. Kampuni imenunuliwa na nyingine, karatasi hazikufika BRELA. Kabla ya kujadiliana naye bei, aonyeshe kwanza kwamba hataza ni yake.

Muda nao una mtego. Chini ya sheria yetu ya hataza ya mwaka 1987, hataza ya BRELA huishi miaka 10 tangu siku ya kuombwa, kisha huweza kuongezwa miaka 5 mara mbili, na anayeomba nyongeza anatakiwa aonyeshe kuwa uvumbuzi unatumika nchini au ana sababu ya msingi ya kutoutumia. Ya ARIPO huishi miaka 20, ikilipiwa kila mwaka. Mtu akikuonyesha hataza ya BRELA iliyoombwa mwaka 2013, swali la kwanza ni moja: hati ya nyongeza iko wapi? Kuhusu ada iliyochelewa, usishangilie mapema. Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa kulinda miliki za viwandani, unampa mwenye hataza angalau miezi 6 ya kulipa kwa nyongeza, kwa hiyo hataza iliyoonekana imekufa Machi inaweza kuwa hai tena Agosti.

Ikiwa haiishi hapa, bado jiulize bidhaa inakwenda wapi. Anayeuza Majengo na Sabasaba tu hana haja ya kukesha. Anayesafirisha Ujerumani ataguswa na hataza ya Ujerumani pale mzigo unapoingia, hata kama ulitengenezwa Kongwa.

Na usichanganye hataza na kibali. Majaribio ya mahindi yanayostahimili ukame yaliyopandwa Makutupora Oktoba 2016 yalitumia teknolojia iliyotolewa kwa leseni isiyo na mrabaha. Upande wa hataza haukuwa na shida. Hata hivyo yalisimamishwa na serikali mwaka 2018. Leseni ya mwenye hataza ni jambo moja, usalama wa bioteknolojia ni jambo jingine.

Hatua ya 3: Tafuta bikoni

Watu wa Dodoma wanajua viwanja. Jina la mtaa halikuambii kiwanja kinaishia wapi. Bikoni ndizo zinazosema. Kwenye hataza, bikoni ni madai, zile sentensi zenye namba mwishoni mwa waraka. Kichwa cha habari kinaweza kusema "dawa ya kuvu kutokana na mwarobaini" wakati dai la 1 linazungumzia mafuta yaliyokamuliwa kwa kiyeyusho fulani, yenye kiwango fulani cha kemikali fulani, yakichanganywa na maji kwa asilimia fulani.

Chukua dai la 1, livunje vipande kwenye jedwali la safu mbili. Kushoto kila sharti, kulia mnachofanya ninyi, kwa vipimo. Ikiwa dai linadai kiyeyusho cha hekseni na ninyi mnaloweka unga wa mbegu kwenye maji usiku kucha na kuchuja kwa kitambaa, sharti hilo halipo kwenu. Sharti moja likikosekana, kwa kawaida dai haliwagusi. Fanya hivyo kwa kila dai linalosimama peke yake. Yanayoanza na "kama ilivyo katika dai la 1" huanguka pamoja na la 1.

Madai ya vinasaba huandikwa kwa mfuatano: "protini inayofanana kwa angalau asilimia 95 na SEQ ID NO: 2", yaani mfuatano namba 2 ulioorodheshwa kwenye hataza. Msomaji wa haraka huona asilimia 95 akadhani ni eneo dogo. Piga hesabu. Protini yenye asidi amino 300, ikiruhusiwa tofauti ya asilimia 5, inaweza kubadilika mahali 15. Kila mahali pana chaguo 19. Idadi ya protini zinazoingia humo ni 1 ikifuatwa na sufuri zaidi ya 40. Sasa geukia mifano ya maabara ndani ya hataza na uhesabu ngapi zilitengenezwa kweli. Kumi na mbili? Ishirini?

Hapo ndipo sheria imesogea sana. Tarehe 18 Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kampuni za dawa za Amgen na Sanofi, ilibatilisha madai ya kingamwili za kupunguza kolesteroli. Hataza ilionyesha kingamwili 26 kwa mfuatano wake, lakini ilidai kila kingamwili inayofanya kazi ile ile. Majaji walisema aliyedai zaidi lazima afundishe zaidi. Kumwachia msomaji ajaribu na kubahatisha hakutoshi. Kwa hiyo dai pana linalotegemea mifano michache ni mahali pazuri pa kuanza kuchimba, na hoja hii ipo Ulaya pia kwa jina la kutofafanua uvumbuzi vya kutosha. Kama dai linataja kijiumbe kilichohifadhiwa kwenye hifadhi ya kimataifa chini ya Mkataba wa Budapest, angalia namba na tarehe ya kuhifadhiwa. Tarehe ikiwa baada ya siku ya ombi, pana jambo la kuuliza.

Hatua ya 4: Je, kitu chenyewe kilistahili?

Sheria ya Tanzania haitoi hataza kwa aina za mimea na wanyama, wala kwa njia za kibaiolojia za kawaida za kuzizalisha. Njia za kimaikrobiolojia na mazao yake zinaruhusiwa. Ndiyo kusema kuvu wa sumukuvu anaweza kuwa na hataza, aina mpya ya zabibu haiwezi. Aina mpya ya zabibu au ya mtama hulindwa kwa sheria nyingine, ile ya mwaka 2012 ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, ambayo msajili wake yuko Wizara ya Kilimo hapa hapa Dodoma. Mkataba wa UPOV, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2015, unataka ulinzi wa angalau miaka 20, na 25 kwa miti na mizabibu. Mkulima wa Hombolo aliyepata barua kuhusu vipando vya zabibu aulize kwanza ni haki ipi kati ya hizo mbili, maana masharti na misamaha yake havilingani.

Nje, mistari miwili ya kukumbuka. Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Myriad kwamba kipande cha DNA cha asili hakiwi uvumbuzi kwa kutengwa tu na mwili. DNA iliyotengenezwa kwa kunakiliwa kutoka kwenye RNA inaweza kuwa. Ulaya, Mei 2020, Baraza Kuu la Rufaa la Ofisi ya Hataza liliamua kuwa mimea iliyopatikana kwa njia za kawaida za uzalishaji haipewi hataza, lakini uamuzi huo hauzigusi hataza zilizotolewa kabla ya tarehe 1 Julai 2017 wala maombi yaliyowasilishwa kabla yake. Tarehe ya ombi iandike kwa wino mwekundu.

Hatua ya 5: Hesabu miezi 9

Ulaya mtu yeyote anaweza kupinga hataza ndani ya miezi 9 tangu tangazo la kutolewa kwake lilipochapishwa. Hahitaji kuwa mshindani wala mwathirika. Tangazo likitoka Jumatano tarehe 12 Machi 2025, siku ya mwisho ni tarehe 12 Desemba 2025. Pingamizi likishinda, hataza huanguka nchi zote kwa mpigo. Miezi 9 ikipita, ni kwenda mahakamani nchi kwa nchi, au kwenye Mahakama ya Pamoja ya Hataza iliyofunguliwa tarehe 1 Juni 2023, kwa zile hataza ambazo wenyewe hawakuzitoa chini yake.

Pingamizi huweza kukataliwa kwa sababu za kijinga, si za kisayansi tu. Ada isipolipwa ndani ya miezi hiyo 9, pingamizi huhesabiwa halikuletwa. Waraka lazima utaje sababu, ukweli na ushahidi ndani ya muda huo huo. Kuandika "ushahidi utafuata" ni kujichimbia shimo. Na asiye mkazi wa nchi za mkataba wa Ulaya lazima awe na wakala wa huko, gharama inayowatoa vikundi vingi mchezoni.

Njia ya maskini ipo: mtu yeyote anaweza kutuma maoni ya mtu wa tatu kwa ofisi ya Ulaya, bila ada, wakati ombi linachunguzwa au pingamizi la mtu mwingine linaendelea. Hutakuwa sehemu ya kesi wala hutakata rufaa, lakini karatasi yako itasomwa. Kwa maombi ya WO, dirisha la maoni kama hayo ni miezi 28 tangu tarehe ya kwanza ya ombi. Mara nyingi vyuo na mashirika ya wakulima hupinga pia. Mpeni ushahidi wenu aliyekwisha kulipa ada.

Marekani milango ni mingine. Ndani ya miezi 9 kuna mapitio yanayopokea karibu kila hoja. Baada ya hapo kuna mapitio yanayopokea hataza na machapisho tu, ada ya ofisi peke yake inazidi dola 20,000, na aliyeshtakiwa ana mwaka mmoja tangu akabidhiwe hati ya mashtaka. Kuomba uchunguzi urudiwe hakuna kikomo hicho na ada yake ni ndogo zaidi, lakini nako hutumika machapisho tu.

Tanzania ombi la kubatilisha hataza hupelekwa mahakamani, si kwa Msajili. Kabla ya kufika huko kumbukeni kwamba haki ya mwenye hataza hapa ni juu ya matumizi ya viwanda na biashara. Utafiti wa kisayansi haumo. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayepima kuvu huyo maabara hana kosa. Akianza kuuza pakiti Nanenane pale Nzuguni, ameshavuka mpaka.

Hatua ya 6: Ushahidi wenye tarehe

Hapa ndipo kesi hushinda au kufa.

Hataza ya Ulaya namba EP 0436257, ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua kuvu, ilitolewa mwaka 1994 kwa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace. Ilipingwa, ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikakataliwa tarehe 8 Machi 2005. Kilichosaidia sana ni ushahidi wa meneja wa kiwanda kimoja cha India aliyeeleza walivyokamua na kutumia mafuta hayo miaka mingi kabla. Kusema tu "bibi zetu walijua" kusingefika mbali. Manjano je? Hataza ya Marekani ya 1995 ya kuponya vidonda kwa manjano ilifutwa 1997 baada ya taasisi ya utafiti ya India kuleta machapisho 32, mengine ya Kisanskriti na Kiurdu. Machapisho yalihitajika kwa sababu Marekani ya wakati ule haikuhesabu matumizi ya nje ya nchi ambayo hayakuandikwa. Tangu Machi 2013 hali imebadilika kwa maombi mapya, ila zile njia za mapitio bado zinataka karatasi.

Maharage ya njano yalichukua muda zaidi: hataza ya Marekani ya 1999, maombi ya kuichunguza upya mwaka 2000, neno la mwisho la mahakama dhidi yake 2009. Miaka yote hiyo mmiliki aliendelea kuwabana waagizaji.

Basi kusanyeni hivi. Ripoti za kilimo za miaka ya nyuma zenye mhuri wa kupokelewa maktaba. Tasnifu za vyuo, pamoja na barua ya mkutubi inayosema iliwekwa rafu tarehe gani, kwa sababu tasnifu iliyofungiwa kabatini haikuwa wazi kwa umma. Vipeperushi vya maonyesho, risiti, lebo, picha zenye tarehe. Ushahidi wa wazee uandikwe kwa Kigogo kama ulivyosemwa, kisha Kiswahili, uapwe mbele ya kamishna wa viapo, na mzee aeleze vipimo: mbegu kilo ngapi, maji lita ngapi, zililowekwa siku ngapi, zilinyunyizwa kwenye nini. Mzee hatakumbuka mwaka, lakini atakumbuka kama ni kabla ya Operesheni Vijiji au baada ya mvua za El Nino za 1997/98. Fungeni kumbukumbu kwenye tukio lenye tarehe. Viapo vitano vyenye maneno yanayofanana kama vimepigwa fotokopi havina thamani ya kimoja cha kweli.

Na tarehe ya ushahidi iwe kabla ya tarehe ya kwanza ya ombi, ile inayoitwa ya kipaumbele. Siku moja baadaye ni bure.

Ukiwa wewe ndiye mwenye hataza

Geuza kila kilichosemwa juu. Weka ukumbusho wa ada kwa watu wawili, maana mhasibu akihama hataza hufa kimya. Ya BRELA ikikaribia miaka 10, andaa mapema ushahidi kwamba inatumika. Chini ya Mkataba wa Paris, kutoitumia kunaweza kumfungulia mtu leseni ya lazima (inayotolewa bila ridhaa yako) baada ya miaka 4 tangu ombi au 3 tangu kutolewa, ule muda unaochelewa kwisha. Dai lako likiwa pana mno, kulipunguza mwenyewe kabla hujashtaki ni afadhali kuliko kulipoteza lote mbele ya jaji.

Angalia pia majina. Hataza ya CRISPR (mbinu ya kuhariri vinasaba) ya Broad Institute, taasisi ya utafiti ya Marekani, EP 2771468, ilifutwa Januari 2018 na rufaa ikashindwa Januari 2020, si kwa sababu sayansi ilikuwa mbovu. Mmoja wa waliotajwa kwenye ombi la kwanza la Marekani hakutajwa kwenye ombi la kimataifa na haki yake haikuhamishwa; tarehe ya awali ikapotea, na machapisho ya katikati yakaimeza hataza. Oktoba 2023 Baraza Kuu la Rufaa lililegeza: sasa hudhaniwa anayedai tarehe hiyo anayo haki, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata hivyo mwanafunzi wa uzamili na mkulima mshirika wasaini uhamisho kabla ombi halijapelekwa. Ukurasa mmoja.

Mkataba wa WIPO (shirika la kimataifa la miliki bunifu) wa tarehe 24 Mei 2024 unamtaka mwombaji ataje nchi zilikotoka rasilimali za kijenetiki uvumbuzi unapotokana nazo. Utaanza kufanya kazi baada ya nchi 15 kuuridhia, na haurudi nyuma kwenye maombi ya zamani. Wengi wanautegemea kufuta hataza. Wasome ibara ya 5. Hataza haifutwi kwa kutotaja peke yake, isipokuwa pana nia ya udanganyifu, na hapo ni kwa sheria ya nchi husika.

Barua ya majibu

Aya tatu zinatosha. Ya kwanza: mmepokea barua ya tarehe fulani. Ya pili: mnaomba nakala ya hataza kama ilivyo sasa, uthibitisho kuwa ni hai Tanzania, uthibitisho wa umiliki, na dai gani hasa linasemekana kuguswa, na kwa bidhaa ipi. Ya tatu: mtajibu baada ya kupokea hivyo, na haki zenu zote mnazihifadhi. Msieleze mnavyotengeneza bidhaa. Msiseme "hatukujua", msiombe radhi, msitaje mauzo. Ipelekeni kwa njia yenye saini ya mpokeaji, na nakala iliyogongwa muhuri ibaki kwenye jalada pamoja na bahasha ya barua ya kwanza, kwa sababu mhuri wa posta ndio utakaoonyesha iliwafikia lini.